Kisima Kina Maji Lakini Hayatoki: Historia ya Kupasua Mwamba

Nimepotea kwa wiki kadhaa, na safari hii kisingizio si kazi. Ni kisima.

Hapa kwetu Buruburu maji ya mfereji huja kwa zamu, na zamu yenyewe haina heshima. Unaambiwa Jumanne na Ijumaa, yanakuja Jumatano saa tisa usiku ukiwa umelala fofofo. Siku nyingine tunanunua kwa wenye mikokoteni, jerikeni za lita 20. Basi mwaka jana wakazi wa nyumba 38 tukachanga pesa, tukachimbiwa kisima cha mita 240. Maji yakapatikana. Tulipiga makofi, mama mmoja akaleta kreti ya soda. Kisha pampu ikafungwa, na hapo ndipo raha ikaisha: ikivuta dakika 20 maji yanakatika, inabidi izimwe saa tatu nzima yajikusanye tena. Mwezi uliopita kampuni iliyotuchimbia (sitaitaja) ikarudi na pendekezo. Tuongeze pesa, na si kidogo, nao "waupasue mwamba" kwa shinikizo la maji ili njia zifunguke.

Mwenyekiti wetu ni mzee aliyestaafu kutoka reli. Akanipigia simu. "Kijana, wewe umesoma mambo ya kompyuta. Hii kitu ni ya kweli ama tunaliwa?" Nikamwambia, mzee, digrii yangu ni ya kompyuta, si ya mawe. Akajibu kwamba kompyuta inajua kila kitu, basi niiulize. (Huyu ndiye aliyeniita mwaka jana nitengeneze redio yake.)

Nikaiuliza. Kumbe swali la mzee lina umri wa zaidi ya miaka 150. Limewatajirisha watu, limewafilisi wengine, na linahusu mafuta ya Turkana kama linavyohusu nyumba zetu 38.

Tuanze na jiwe. Wengi wetu, mimi nikiwemo, tumedhani maji au mafuta hukaa chini ya ardhi kama ziwa ndani ya pango, unatoboa na kuvuta kwa mrija. Sivyo. Yamo ndani ya jiwe lenyewe, kwenye vitundu vidogo kati ya chembe na chembe, au kwenye nyufa. Na hapa kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: vitundu ni vingi kiasi gani? La pili: je, vimeunganishwa? Jiwe linaweza kujaa mafuta tele na bado lisikupe tone, kwa sababu kila tone limefungiwa chumba chake. Wenzangu wa programu watanielewa haraka: ni seva yenye filamu elfu kumi iliyounganishwa na dunia kwa modemu ya simu. Diski imejaa, shida ni waya.

Uwezo huo wa jiwe kupitisha kitu, tuuite upenyevu, ulipimwa na mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, aliyeuletea mji wa Dijon maji safi. Alijaza mchanga kwenye mrija, akapitisha maji, akapima, na mwaka 1856 akachapisha kanuni yake. Kiasi kinachopita kinaongezeka ukiongeza tofauti ya shinikizo au upana wa eneo la kupitia, na kinapungua njia ikiwa ndefu. Kilichobaki ni tabia ya jiwe lenyewe. Hadi leo wachimba mafuta hupima upenyevu kwa jina lake, darsi. Mchanga mgumu wenye mafuta mazuri huwa na milidarsi mia kadhaa. Ukishuka chini ya sehemu ya kumi ya milidarsi moja, hilo wanaliita jiwe gumu kupenya. Yale mawe ya tope la kale, yenye matabaka kama kurasa za kitabu, yako chini ya hapo mara elfu na zaidi.

Sasa itazame kanuni hiyo kama msimbo wa programu. Jiwe huwezi kulibadilisha, limeumbwa hivyo. Lakini lile eneo la kupitia unaweza kuliongeza. Tundu la kisima lina upana wa sentimita chache tu. Ukitengeneza ufa unaokwenda mita mia moja ndani ya mwamba, pande zote mbili za ufa huo zinakuwa ukuta wa kisima chako. Wazo zima la kupasua ni hilo.

Kenya tulikutana na tatizo hili kabla hata ya Uhuru, na halikuwa la mafuta. Mwaka 1956 uchimbaji wa kutafuta mvuke ulianza Olkaria, karibu na Naivasha. Vilichimbwa visima viwili, X-1 na X-2, na kirefu zaidi kilishuka karibu mita 950. Chini ya X-2 joto lilifika nyuzi 235. Moto wa kutosha kabisa! Lakini mvuke wa kutegemewa haukupatikana, na kazi ikaachwa hadi miaka ya 1970. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Leo mvuke ndio unaotupa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote nchini, pamoja na huu unaowasha kompyuta ninayoandikia. Joto lilikuwepo wakati wote. Ilibidi kutafuta mahali ambapo mwamba umepasuka wenyewe, na Bonde la Ufa, kama jina lake linavyosema, halikosi nyufa.

Wamarekani hawakuwa na bonde kama hilo kule Pennsylvania, walikuwa na baruti.

Kisima maarufu cha Edwin Drake kilichimbwa Titusville mwaka 1859, na muda si mrefu vilima vile vikajaa visima. Vingi vilianza kwa kishindo kisha vikafifia. Sababu moja ilikuwa nta: mafuta ya pale yana nta inayoganda na kuziba njia. (Weka neno hili nta akilini, tutalihitaji tukifika Lokichar.) Sasa mnamo Desemba 1862, katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe, afisa mmoja aitwaye Edward Roberts alikuwa vitani Fredericksburg. Aliona mabomu yakilipuka ndani ya mfereji wa maji, akaona jinsi maji yanavyoufungia mlipuko na kuusukumia pembeni. Wengine wakiona bomu hukimbia. Huyu alipata wazo la biashara.

Januari 1865 alishusha chombo cha chuma chenye baruti ndani ya kisima kilichoitwa Ladies Well karibu na Titusville. Juu yake kisima kilijaa maji. Hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo, kwa sababu maji yanakuwa kizibo, nguvu haitoki juu bali inaingia kwenye mwamba. Mafuta yakaongezeka. Roberts akapata hati ya ubunifu, na baadaye baruti ikabadilishwa na nitrogliserini, ambayo ni hatari zaidi.

Bei yake nimeipenda sana, hebu sikiliza. Alitoza dola 100 hadi 200 kwa kila bomu, na juu ya hapo alichukua sehemu moja kati ya kumi na tano ya mafuta yaliyoongezeka. Yaani kama hakuna kilichoongezeka, fungu hilo la pili ni sifuri. Wenye visima waliona ni ghali mno, wakaanza kuwaita watu wa kulipua usiku kwa siri bila kumlipa Roberts chochote. Roberts naye akaajiri wapelelezi na kujaza mahakama kesi. Ndugu zangu mnaouza programu za kuigizwa pale mjini, mmesikia? Uharamia wa teknolojia haukuanza na sidii. Tofauti ni kwamba sidii haikulipukii mfukoni, ilhali watu wale walibeba nitrogliserini gizani kwenye barabara za mawe, na wako waliokufa hivyo.

Mlipuko una kasoro moja kubwa. Unavunjavunja mwamba ulio karibu tu, na nyufa zake hujifunga tena. Kwa miaka zaidi ya 80 watu waliishi na kasoro hiyo.

Aliyeiwaza upya ni Floyd Farris wa kampuni ya Stanolind. Alichunguza rekodi za visima, akaona kwamba ukisukuma kimiminika ndani ya kisima kwa nguvu ya kutosha, kuna wakati shinikizo linapanda, linapanda, halafu linaanguka ghafla. Mwamba umefunguka. Hakuna haja ya mlipuko, pampu yatosha. Mwaka 1947 walijaribu kwenye kisima cha gesi kiitwacho Klepper namba 1, katika uwanja wa Hugoton, jimbo la Kansas. Walisukuma galoni 1,000, kama lita 3,800, za petroli iliyogandishwa ikawa jeli kwa vitu vilevile vilivyotengeneza napalm, lile bomu la moto la vitani. Petroli ya jeli, pampu na injini zikinguruma pembeni! Mimi huogopa hata kuzima seva Ijumaa jioni.

Na matokeo? Karibu hakuna. Uzalishaji wa Klepper haukubadilika kwa maana. Hili linanivutia kuliko mengine yote, kwa sababu vitabu vingi husema "kupasua kwa maji kulianza 1947" kana kwamba siku hiyo watu walishangilia. Jaribio la kwanza lilishindwa, lakini watu wale walisoma namba zao na kuendelea. Machi 1949 kampuni ya Halliburton, iliyopewa leseni, ilifanya kazi mbili za kwanza za kibiashara, moja Oklahoma na nyingine Texas. Katika mwaka wa kwanza visima 332 vilipasuliwa, na kwa wastani uzalishaji ukapanda kwa asilimia 75.

Kilichofanya ufa usijifunge tena ni mchanga. Unauchanganya kwenye kimiminika, unaingia ndani ya ufa, na pampu ikizimwa mwamba unajaribu kufunga mdomo lakini chembe za mchanga zinaukatalia. Ni kama mtu anayeweka kiatu mlangoni. Kimiminika kinarudi juu, mchanga unabaki, na gesi au mafuta yanapita katikati ya chembe. Mfano wa Darcy tena: mrija uliojaa mchanga.

Nipite haraka kwenye wazimu mmoja. Desemba 1967, New Mexico, serikali ya Marekani ililipua bomu la nyuklia la kilotani 29 chini ya ardhi ili kupasua mwamba wenye gesi. Wakarudia Colorado mwaka 1969 na 1973. Gesi ilitoka kweli, lakini ilikuwa na mionzi. Nani angepikia ugali gesi hiyo?

Mafanikio makubwa ya mwisho yalitoka kwa mtu mkaidi na kosa la kuchanganya. George Mitchell, ambaye baba yake alichunga mbuzi Ugiriki kabla ya kuhamia Marekani, alianza kuchimba mwamba wa tope uitwao Barnett huko Texas mwaka 1981. Gesi ilikuwepo kila mahali, na upenyevu haukuwepo popote. Miaka ikapita, pesa zikaliwa, wahandisi wake wenyewe wakamshauri aache. Mmoja wao, Nick Steinsberger, aliona siku moja jeli ikitoka nyepesi kuliko ilivyopangwa, karibu maji matupu, na kisima hakikuwa kibaya. Akajiuliza kwa nini tunalipia jeli. Mwaka 1998 kisima kiitwacho S.H. Griffin namba 4, kilichopasuliwa kwa maji yenye dawa kidogo ya kupunguza msuguano na mchanga, kikafanya vizuri kuliko vile vya jeli. Mwaka 2002 Mitchell aliiuza kampuni yake kwa zaidi ya dola bilioni 3. Baadaye watu wakaunganisha njia hiyo na visima vinavyopinda na kwenda mlalo, na Marekani ikawa mzalishaji mkubwa wa mafuta na gesi kuliko nchi zote.

Jeli ilipoondoka, mahitaji ya maji yakapanda. Kisima kimoja cha namna hiyo kinaweza kumeza lita milioni 10 na zaidi. Nilipiga hesabu kwa jerikeni zetu: ni jerikeni 500,000. Sikumwambia mzee.

Haya, turudi nyumbani, kaskazini kidogo. Mwaka 1992 Shell ilichimba kisima cha Loperot-1 katika bonde la Lokichar, Turkana. Wakaona mafuta yenye nta, wakafunga, wakaondoka. Miaka 20 baadaye, tarehe 26 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba Tullow imepata mafuta Ngamia-1, bonde lilelile. Mwaka huohuo kisima cha Twiga South-1 kilipata mita 30 za mwamba mzuri wenye mafuta, na chini yake mita 796 za mwamba mgumu wenye nyufa na dalili za mafuta. Tazama uwiano huo. Mita 30 ndizo zilizobeba matumaini ya biashara, na zile 796 zikabaki habari ya kuvutia.

Mafuta ya Lokichar hayategemei kupasua mwamba, naomba nieleweke, maana nimesikia watu kwenye matatu wakisema "watatupasulia nchi". Mpango uliowekwa ni kusukuma maji chini ili yayafukuze mafuta kuelekea kisimani. Lakini somo la upenyevu ni lilelile. Katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2021, mwamba ule una mapipa takriban bilioni 2.85, na yanayotarajiwa kutoka ni milioni 585, yaani kama pipa moja kati ya matano. Gazeti likiandika "mabilioni ya mapipa" haliongopi, ila limekuonyesha diski na kuficha waya.

Na ile nta sasa. Mafuta hayo yakipoa huganda, hivyo bomba la kilomita zaidi ya 800 kwenda Lamu linapaswa kupashwa moto njia nzima. Bomba halijajengwa. Kuanzia Juni 2018 malori yalibeba mafuta hadi Mombasa, na Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa takriban 200,000, ikasafirishwa nje. Africa Oil na TotalEnergies zilijitoa Mei 2023. Aprili 2025 Tullow ikakubali kuuza sehemu yake kwa Gulf Energy kwa angalau dola milioni 120.

Swali linalonikera mimi si la nta. Maji ya kusukuma mafuta yalipangwa kutoka bwawa la Turkwel, kwa bomba, hadi Lokichar. Ni nchi ambayo mama anatembea na mtungi kichwani kutafuta maji ya kunywa, na bomba linapita kwenda kumwaga maji chini ya mwamba. Sisemi mafuta yasitoke. Sheria ya Petroli ya 2019 imetenga asilimia 5 ya mapato ya serikali kwa jamii ya hapo na 20 kwa kaunti, na hizo ni pesa. Ila mtu wa Eastlands anayenunua jerikeni anaelewa haraka kuliko waziri kwa nini wenyeji watauliza bomba hilo lina mfereji pembeni au halina.

Basi, kisima chetu. Kupasua visima vya maji ni jambo la kweli, hufanywa kwa kawaida katika mwamba mgumu wa kale, kwa mfano jimbo la New Hampshire. Mle maji hukaa kwenye nyufa tu, na ukizipanua unapata zaidi. Lakini Nairobi imekaa juu ya matabaka ya lava, na maji mengi yako kwenye mashapo yaliyolaliwa kati ya tabaka moja na jingine. Swali likawa: kisima chetu kinapitia nini, na maji yanaingilia wapi? Kama kaa la tope la kuchimbia limeziba kuta, kukisafisha vizuri kunatosha. Kama pampu imefungwa juu mno, kuishusha kunatosha. Hiyo ndiyo tabia ya kazi yangu: kabla ya kununua seva kubwa, soma rekodi.

Nikaiomba kampuni rekodi ya uchimbaji, karatasi inayoonyesha jiwe la kila mita, na matokeo ya jaribio la pampu. Wakasema zipo ofisini. Kisha wakasema zipo kwa mhandisi. Kisha mhandisi akawa amesafiri.

Jumamosi tukakutana chini ya mwembe wa pale uwanjani. Nikawaeleza kwa kifupi haya niliyowaandikia. Darcy hakuwagusa. Bomu la nyuklia liliwachekesha. Nilipofika kwa Roberts na sehemu yake moja kati ya kumi na tano, mzee akaniinulia mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akatoa simu yake ya vitufe, akampigia mwenye kampuni palepale mbele ya watu wote, akaweka sauti ya nje. "Sikiza bwana. Sisi tunakubali mpasue. Lakini pesa mtapata kutoka kwa maji yatakayoongezeka. Tutaweka mita. Yasipoongezeka, hakuna deni." (Zile dola 100 hadi 200 za mwanzo alikuwa amezisahau kabisa, na mimi sikuona sababu ya kumkumbusha.)

Upande wa pili kukawa kimya. Halafu jamaa akasema yuko barabarani, atapiga baadaye.

Leo ni siku ya tisa. Hajapiga. Lakini juzi rekodi ya uchimbaji ilifika kwenye simu ya mweka hazina, picha ya karatasi iliyokunjwa mara nne, na pampu yetu, kumbe, iko mita 150.